Kuunganisha Tarakilishi ya Nyumbani na Mtandao Usiotumia Waya: Maelezo kwa Mwanafunzi wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Mwezi Machi mwaka 2020, serikali ya Kenya ilipoamuru shule na vyuo vyote vifungwe kutokana na ugonjwa wa korona, wanafunzi wa vyuo vikuu walirudi makwao na mihadhara ikawafuata huko kupitia mtandao. Ndipo ilipodhihirika kwamba kuwa na tarakilishi si sawa na kuwa na mtandao. Mwanafunzi aliyezoea kuketi maktabani akaunganishwa bila kumjua aliyemuunganisha, alijikuta Othaya, Karatina, Kerugoya au Chogoria akiwa fundi wake mwenyewe. Vyuo vilifunguliwa baadaye, lakini mihadhara ya mtandaoni haikutoweka, na msimamizi wa tasnifu siku hizi hutarajia kuletewa sura kwa baruapepe wala si kwa bahasha. Asiyeweza kuunganisha tarakilishi yake akiwa nyumbani hupoteza wakati, na katika masomo ya uzamili wakati ni karo.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mtandao usiotumia waya unavyofanya kazi, sababu zinazofanya mandhari ya Nyeri na viunga vya Mlima Kenya kuutatiza, na namna ya kuiunganisha tarakilishi ya nyumbani kwa usalama. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Vijitabu vinavyotiwa ndani ya makasha ya vifaa hivi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, ilhali wanaoulizwa maswali nyumbani ni sisi ambao, kwa maneno ya majirani zetu, tulisomea 'lugha tu'.

Kutoka nyaya za shaba hadi mawimbi

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini mtandao wa nyumbani katika eneo letu ulirukia mawimbi badala ya kupitia kwanza waya wa simu, kama ilivyokuwa Ulaya na Marekani. Jibu ni kwamba waya wa simu haukuwahi kuvifikia vijiji vyetu kwa wingi, na pale ulipofika, nyaya za shaba ziliandamwa na wezi. Ingawa hivyo, tatizo halikuwa la kijijini pekee. Hadi mwaka 2009, Afrika Mashariki nzima ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ulipaswa kupanda huko na kushuka upande wa pili, kisha jibu lipande na kushuka vivyo hivyo, na zaidi ya nusu sekunde ikawa imepotea kabla ya neno moja kujibiwa. Ughali wake ulikuwa mkubwa kuliko ucheleweshaji wenyewe. Wanaokumbuka mikahawa ya intaneti ya mjini Nyeri, ambapo mteja alilipishwa kwa dakika huku ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari, hawahitaji maelezo zaidi.

Mwezi Julai mwaka 2009 kebo ya SEACOM iliyopitishwa chini ya bahari ilianza kazi Mombasa. Mwaka uo huo ikaja kebo ya TEAMS iliyotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kutoka pwani, nyuzi za kioo zilitandazwa hadi Nairobi na hatimaye zikapanda hadi miji ya Mlima Kenya. Leo baadhi ya mitaa ya Nyeri na Nanyuki ina nyuzi hizo hadi mlangoni. Lakini aliye kwenye mteremko wa bonde, kati ya shamba la chai na mto, bado hupata sehemu ya mwisho ya safari hiyo kupitia hewani.

Mfano mashuhuri zaidi katika eneo letu ni ule wa Mawingu. Mnamo mwaka 2013, kampuni ya Microsoft, kwa ushirikiano na Indigo Telecom na serikali ya Kenya, ilianzisha karibu na Nanyuki mradi wa majaribio uliopewa jina hilo. Miongoni mwa taasisi zilizounganishwa ni Shule ya Upili ya Gakawa, iliyo upande wa Kieni katika Kaunti ya Nyeri. Mradi ulitumia umeme wa jua, kwa kuwa sehemu nyingi zilizolengwa hazikuwa na nyaya za umeme, na ulipitisha mtandao katika masafa ya runinga yasiyotumiwa na kituo chochote. Masafa ya runinga yana faida moja kubwa: urefu wa wimbi lake ni kama nusu mita au zaidi, na mawimbi marefu hupenya miti na kuzunguka vilima kwa wepesi kuliko mafupi. Jina lenyewe linastahili kutazamwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Mtandao una mzizi mmoja na kitenzi 'tanda', na tunasema mawingu yametanda. Sijui kama waliolibuni jina hilo walilifikiria hilo, lakini lugha ilikuwa imewafikiria.

Tangu Julai mwaka 2023 kumekuwa na njia nyingine nchini Kenya, nayo ni Starlink, ambayo setilaiti zake huzunguka kwa kimo cha kilomita 550 hivi tu. Ucheleweshaji wa zamani umekwisha, na migongo ya vilima si kizuizi tena mradi antena iione anga wazi. Kizuizi kilichobaki ni bei.

Kinachotokea hewani

Ni muhimu kutofautisha vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya, hasa kwa kuwa siku hizi hufungwa katika kasha moja. Modemu ndiyo inayozungumza na ulimwengu wa nje, iwe ni kwa uzi wa kioo, kwa mnara wa simu au kwa setilaiti. Ruta ndiyo inayozungumza na vifaa vya nyumbani: hupokea kilicholetwa na modemu na kukigawa kwa tarakilishi, simu na runinga, huku ikikumbuka nani aliomba nini. Mtandao usiotumia waya ni ile sehemu ya kati ya ruta na tarakilishi yako tu. Mtu anaposema, 'Wi-Fi ipo lakini intaneti haipo,' hajipingi hata kidogo. Ruta yake inamsikia vyema. Ni ruta yenyewe isiyosikiwa na ulimwengu.

Wazo hili si geni. Chuo Kikuu cha Hawaii kiliunganisha tarakilishi za visiwa mbalimbali kwa redio kuanzia mwaka 1971, katika mtandao ulioitwa ALOHAnet. Viwango tunavyotumia vilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, na jina Wi-Fi likazaliwa mwaka 1999. Ruta nyingi za nyumbani hutumia masafa ya aina mbili. Masafa ya gigahezi 2.4 yana wimbi lenye urefu wa sentimita 12.5 hivi, hufika mbali na hupenya kuta kwa kiasi, ila yamejaa watu. Masafa ya gigahezi 5 yana wimbi la takriban sentimita 6. Hubeba habari nyingi kwa kasi zaidi, lakini huchoka upesi yanapokutana na ukuta.

Ili kuelewa msongamano huo, tulifikirie soko la Karatina siku ya soko. Wauzaji wote hunadi katika hewa moja. Muuzaji mwerevu husikiliza kwanza. Akisikia mwenzake ananadi, husubiri kidogo, kisha huanza. Wawili wakianza kwa pamoja hakuna anayesikika, nao hunyamaza, kila mmoja kwa muda wake, kabla ya kujaribu tena. Hivyo ndivyo vifaa vya Wi-Fi hufanya, mara maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana katika ploti yenye nyumba ishirini na ruta ishirini, mtandao huzorota saa mbili za usiku hata kwa yule aliyelipia kasi kubwa: muda mwingi unakwenda katika kusubiriana. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna njia nyingi zilizopewa nambari, lakini zilizoachana kabisa ni tatu tu: 1, 6 na 11. Anayeishi kwenye ploti na achunguze majirani wanatumia ipi, kisha ahamie nyingine. Anayeishi peke yake shambani hana haja ya kujisumbua.

Mawe, mbao na mabati

Hapa ndipo maelezo ya vitabu vya ng'ambo yanapotuacha njiani. Mito inayoteremka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, kama vile Gura, Chania na Ragati, imeichonga Nyeri kuwa migongo na mabonde yanayofuatana. Mnara wa simu ulio juu ya mgongo mmoja huhudumia vizuri nyumba za kileleni na kuiacha nyuma ya kivuli nyumba iliyo mita mia mbili tu chini ya mteremko. Mwenye nyumba hiyo humlaumu mwenye mnara, ilhali kinachomzuia ni udongo. Dawa yake ni antena ya nje, iliyopandishwa juu ya mlingoti na kuelekezwa upande ambako mnara unaonekana, hata kama si mnara ulio karibu zaidi. Tambarare za Kieni na Laikipia hazina matatizo haya kwa kiwango hicho. Huko tatizo ni umbali.

Ndani ya nyumba, kinachoamua ni vifaa vya ujenzi. Nyumba za mbao, ambazo bado ni nyingi katika vijiji vyetu na ambazo vijana huziona kuwa za kizamani, hupitisha mawimbi vizuri sana. Ukuta wa mawe ya kuchongwa hupunguza nguvu ya mawimbi kwa kiasi kikubwa, na kuta mbili huacha kidogo mno. Mabati ni mabaya kupindukia, kwa sababu chuma hakipunguzi mawimbi bali huyarudisha yalikotoka. Ruta iliyowekwa ndani ya nyumba yenye kuta za mabati huwa kama mtu anayepiga mayowe ndani ya pipa. Katika maboma mengi jiko huwa peke yake, hatua kadhaa kutoka nyumba kubwa, na kama mwanafunzi amepewa chumba cha upande wa jikoni, ruta haina budi kuwekwa dirishani upande ule, juu, wala si sakafuni nyuma ya kabati la vyombo.

Kuna imani iliyoenea kwamba mvua huua mtandao. Imani hii ina ukweli nusu. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, mvua yenyewe na ukungu wa asubuhi haviathiri kitu katika umbali wa nyumbani. Majani ya miti yaliyolowa, hasa mikaratusi na miparachichi iliyosimama kati ya antena na mnara, huathiri sana, maana maji humeza mawimbi hayo. Kwa upande wa setilaiti, ambazo hutumia masafa ya juu zaidi, mvua kubwa ya Aprili huweza kweli kukata mawasiliano kwa dakika chache. Jambo jingine ambalo mvua huleta ni kukatika kwa umeme na radi. Chomoa ruta ukisikia radi inakaribia. Kifaa hicho hufa kwa urahisi kuliko balbu.

Namna ya kuunganisha

Kazi yenyewe, baada ya haya yote, ni fupi. Kwanza hakikisha kuwa tarakilishi ina kipokezi cha mawimbi. Vipakatalishi vyote vya miaka ya karibuni vinacho. Tarakilishi za mezani, hasa zilizonunuliwa zikiwa zimetumika ng'ambo, mara nyingi hazina, na huhitaji kijidude cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Katika baadhi ya vipakatalishi kuna swichi au kitufe kinachozima kipokezi, chenye alama ya mnara au ya ndege. Nimeshuhudia mashine ikipelekwa kwa fundi mjini kwa nauli ya matatu, kumbe kitufe hicho ndicho kilichobonyezwa.

Bonyeza alama ya mtandao iliyo pembeni mwa skrini. Majina ya mitandao iliyo karibu yatajitokeza. Chagua lako na uandike nenosiri, ukizingatia kwamba herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. Mfumo wa Windows hukuruhusu kuchagua kama mtandao huu ni wa faragha au wa umma: nyumbani, chagua faragha; katika hoteli, stendi au maktaba, chagua umma, ili tarakilishi yako isijitangaze kwa wageni. Ruta itaipa mashine anwani bila wewe kuingilia kati, aghalabu inayoanza kwa 192.168. Ukiona anwani inayoanza kwa 169.254, fahamu kwamba mashine haikupewa anwani na ruta, ikajibunia yake. Zima ruta, hesabu hadi thelathini, kisha uiwashe. Ikiwa anwani ni sawa na bado hakuna ukurasa unaofunguka, tazama taa za ruta na salio la kifurushi kabla ya kuigusa tarakilishi. Kwa kawaida tarakilishi haina hatia.

Mashine ikiwa imekaa meza moja na ruta, tumia waya. Waya hausubiriani na jirani, na kichwa cha makala haya kisimzuie mtu.

Nenosiri na jirani

Katika vijiji vyetu ni vigumu kumnyima jirani maji, na wengi huona kumnyima mtandao kuwa ni tabia iyo hiyo. Hata hivyo, mtandao una sifa ambayo kisima hakina: aliyeingia anaweza kuona vifaa vingine vilivyomo, na atakachokifanya kitaonekana kuwa kimetoka kwako. Kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Ruta nyingi siku hizi huruhusu mtandao wa pili wa wageni, uliotengwa na ule wa nyumbani. Mpe jirani huo, na ujirani utadumu.

Kuhusu usimbaji, ruta za zamani hutoa chaguo liitwalo WEP, ambalo udhaifu wake ulifichuliwa tangu mwaka 2001; anayelitumia hana tofauti kubwa na aliyeacha mlango wazi. Chagua WPA2, iliyokuja mwaka 2004, au WPA3 ya mwaka 2018 kama vifaa vyako vinaikubali. Badilisha pia nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, kwa kuwa lile la kiwandani hujulikana na kila mtu. Nenosiri la WPA2 huwa na vibambo 8 hadi 63, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana bahati: maneno manne yasiyohusiana, yaliyochukuliwa kutoka ngeli tofauti, ni rahisi kukumbuka na ni magumu kukisia. Methali isitumike. Kila mtu anaijua sehemu ya pili.

Neno kuhusu istilahi

Msomaji ameona kwamba nimeandika 'tarakilishi' kote. Wahariri wa majarida yetu wamelizoea neno hili, lililoundwa kutokana na 'tarakimu' na 'akili', na lilipata nguvu zaidi Kenya kuliko Tanzania. Mshindani wake 'ngamizi' amebaki katika vitabu vichache. Nyanyangu kule Tetu husema 'kompyuta', na mafundi wote wa Nyeri ninaowajua husema hivyo hivyo. Sioni sababu ya kuwasahihisha. Tofauti na hapo, 'nenosiri' na 'nywila' yote mawili yanaishi, na la kwanza lina faida kwamba linajieleza lenyewe. Kazi ya kutafsiri programu ilikwisha kuanza zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililoitwa Jambo. Ugumu uliobaki si uhaba wa maneno. Watumiaji wachache ndio wanaobadilisha lugha ya mashine zao, kwa hiyo maneno hukaa ndani ya menyu yakisubiri wasomaji.

Neno moja la menyu hizo limenifaa kuliko yote. Simu za Android zilizowekwa Kiswahili huita 'mtandaopepe' ule uwezo wa simu kugeuka ruta ndogo na kuigawia tarakilishi mtandao wake. Umeme ukipotea na ruta ikazimika huku sura ya tasnifu ikisubiriwa, washa mtandaopepe, weka simu dirishani upande wa mnara, na uunganishe tarakilishi kwa hatua zile zile zilizoelezwa hapo juu. Mhadhara wa video huhitaji takriban megabiti 1 hadi 3 kwa sekunde, kiasi ambacho simu ya kawaida hukimudu mahali penye ishara nzuri. Kabla ya hapo, iarifu tarakilishi kwamba mtandao huu una kipimo, katika mipangilio yake, la sivyo Windows itaanza kupakua masasisho yake kimyakimya na kifurushi cha wiki kitakwisha kabla mhadhiri hajamaliza kuita majina.